Kamera ya jeshi imerudi stoo, sasa tule wapi?

Barua za mwezi huu nimezichagua zifanane. Walioandika ni askari wa jeshi la Marekani au jamaa zao, watoto wa Mombasa, Moshi, Bukavu na kwingineko, waliokula kiapo wakapelekwa shule ya mawasiliano ya jeshi pale Fort Meade, Maryland, wakakabidhiwa kamera wakati wenzao wanakabidhiwa malori. Mimi nilipita njia hiyo kwa miaka sita. Siku hizi nahariri video za hospitali, na begi la kilo thelathini silibebi tena.

Shikamoo dada. Natoka jeshini Januari baada ya miaka minane. Video zangu zimejaa DVIDS, ile hazina ya mtandaoni ambako jeshi huweka kazi zake kwa umma. Nimeomba kazi kumi na moja za uraiani, hata wa kunijibu "hapana" sijampata. Kosa liko wapi? — Sajini, Killeen, Texas

Marahaba, mdogo wangu. Video ya sampuli uliyonitumia nimeitazama yote, dakika nne na sekunde kumi, kwa sababu ni wewe. Mwajiri hana sababu hiyo. Inaanza na nembo ya kikosi ikizunguka, halafu makabidhiano ya ukamanda: bendera inatoka mkono huu kwenda mkono ule, watu wamesimama wima, tarumbeta. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, na bosi wa kampuni moja ya video aliniambia bila kuficha kwamba aliizima kabla ya sekunde ya ishirini. Raia hajui kuwa gwaride lile lilikukosesha usingizi siku tatu. Anaona watu wamesimama.

Ila dakika ya tatu kuna fundi wa helikopta anafuta mikono kwa tambara huku akisimulia habari za bintiye. Mwanga unamwangukia upande mmoja kutoka mlango wa hanga, sauti safi, na wewe ukasubiri amalize kucheka ndipo ukakata. Anzia hapo. Kitu kizima kisizidi sekunde 75, au 90 ukishindwa kabisa, na chini ya kila kipande andika ulichofanya wewe mwenyewe: ulipiga, ulihariri, ulirekodi sauti, au vyote.

Kisha wasifu wako. "46S" na "NCOIC" ni lugha ya ndani ya uzio. Andika uliongoza watu wangapi, mlitoa video ngapi kwa mwezi, na mlichukua saa ngapi tangu kupiga hadi kurusha. Na kuna jambo umeliacha kabisa ambalo mimi ningeliweka juu: VIRIN. Ile namba ya kila picha tuliyokuwa tukiilaani usiku wa manane, mwaka, mwezi na siku, herufi ya jeshi, kitambulisho cha mpiga picha, halafu namba ya mfuatano, mfano 190614-A-XX123-1001. Na pamoja nayo maelezo ya nani, nini, wapi na lini. Huku uraiani nimekuta ofisi yenye video za miaka mitano ndani ya hard disk iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "mpya ya mwisho 2", na watu wazima wanamaliza siku mbili wakitafuta mahojiano ya dakika tatu. Anayeweza kupanga ghala la namna hiyo anatafutwa na vyuo, makumbusho, timu za mpira na hospitali. Ndivyo nilivyoingia mimi. Mpiga kamera walikuwa naye tayari.

Hizo video ni zetu au za jeshi? Nimetishwa kwamba nikizitumia nitashtakiwa. — Mwingine wa Killeen

Si zako, na wala hazina mwenye hakimiliki. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 105, hailindi kazi iliyofanywa na mtumishi wa serikali kuu akiwa kazini. Iliyokwisha kutolewa rasmi kwa umma iweke kwenye sampuli zako, mradi isionekane kana kwamba Wizara ya Ulinzi inakupigia debe. Isiyotolewa usiiguse. Na ile hard disk ya "kumbukumbu" iliyolala ndani ya soksi, irudishe kabla hujasaini kuondoka.

Nimerusha droni miaka mitatu jeshini. Nikitaka kufanyia biashara, bado nahitaji cheti? — Koplo, Oceanside, California

Unahitaji. Ni cheti cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kiitwacho Part 107: maswali 60, kupita ni asilimia 70, ada ya mtihani dola 175, na kila miezi 24 unajinoa upya mtandaoni. Saa za jeshini hazikupi msamaha. Ukitaka kwenda nayo likizo nyumbani, ulizia kwanza mamlaka ya anga ya huko, KCAA kama ni Kenya, au TCAA kama ni Tanzania. Usingoje kuelimishwa na afisa wa forodha saa nane usiku.

Dada, nina miaka 24, namaliza miaka minne ya jeshi la majini. Nataka chuo cha filamu Los Angeles kwa GI Bill, ule mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi. Baba anasema nisome unesi. — Mwanamaji, Norfolk, Virginia

Baba zetu wote wanasema unesi, hata kwa mtoto anayezimia akiona damu.

Ukishatumikia miezi 36 unastahili GI Bill kwa asilimia 100: ada ya chuo cha umma, na posho ya nyumba kwa kiwango cha askari wa cheo cha E-5 mwenye wategemezi, kwa miezi 36 ya masomo. Chuo binafsi kina kikomo cha ada kwa mwaka, na kinachozidi kinatoka mfukoni mwako isipokuwa chuo kiwe kwenye Yellow Ribbon, mpango ambao chuo na serikali husaidiana kulipa ziada hiyo. Ukisoma yote mtandaoni, posho ya nyumba inashuka hadi nusu ya wastani wa taifa. Kwa waliotoka tangu 1 Januari 2013 haki hii haina tarehe ya kwisha, kwa hiyo hakuna anayekukimbiza.

Maoni yangu, na wenye shule za filamu wanisamehe: kamera umeshafundishwa kwa fedha za walipa kodi. Gordon Willis, aliyepewa Oscar ya heshima mwaka 2009 kwa upigaji picha wa filamu, alijifunzia katika kitengo cha filamu cha jeshi la anga wakati wa vita vya Korea. Alipotoka alianza kama msaidizi wa kamera. Msaidizi! Kwa hiyo kabla ya chuo, muulize kamanda wako kuhusu SkillBridge. Siku zako za mwisho jeshini, hadi 180 ingawa anaweza kukupa pungufu, unazifanyia kazi kwenye kampuni ya kiraia huku mshahara wa jeshi unaingia kama kawaida. Ukitoka hapo utajua kama unataka kuhariri, au sauti, au hutaki kabisa kuwaona tena watu wa filamu. Na kama ni lazima chuo, mimi ningesoma uhasibu. Sababu utaiona kwenye barua ya mwisho.

Dada yangu, mume wangu alikuwa akipiga video vitani. Huu mwaka wa pili tangu arudi. Nilimnunulia kompyuta nzuri aanze biashara ya harusi, haifungui. Tukialikwa sherehe anatoka nje mara kwa mara. Ndugu zake wanasema ni uvivu. — Mke wa askari, Columbus, Ohio

Wifi yangu, huo si uvivu.

Mpiganaji akiona jambo baya analiona mara moja. Sisi tunaliona likitokea, kisha tunarudi kwenye kontena na kuliona tena mara arobaini, mbele, nyuma, tukitafuta fremu ya kukatia. Sauti yake tunaivaa masikioni. Mimi nilimaliza mwaka mzima siwezi kuvaa hedifoni. Kichwani hamkuwa na picha ya damu hata moja, ulikuwa mlio wa jenereta tu, ule uliokuwa nyuma ya mahojiano yote ya kule. Nikiusikia nyuma ya ukumbi wa harusi, jasho linanitoka na tabasamu limeniganda usoni.

Ile kompyuta ifunike, iweke juu ya kabati, usiitaje. Mtafutie Vet Center iliyo karibu. Ni vituo vya ushauri vya idara ya maveterani, VA, vilivyo mitaani nje ya hospitali, bure kwa waliohudumu vitani, na wewe mke unaweza kupokelewa pia. Usiku ukiwa mzito, piga 988, simu ya msaada kwa waliolemewa, kisha bonyeza 1 upate ya maveterani. Si lazima apige yeye, hata wewe piga. Na akidai fidia ya VA asiandike "nilikuwa mpiga video" akaishia hapo, maana msomaji atadhani alikuwa anapiga sherehe. Aeleze alirekodi nini, wapi, mwezi gani. Zile namba za VIRIN zitamkumbusha tarehe.

Ndugu wanaosema uvivu wape chai, waende.

Huenda kamera hatairudia, na hiyo nayo ni njia. Mwenzangu mmoja wa kozi sasa anafunga taa za majukwaani. Lenzi hataki kuiona, na watoto wanasoma.

Bado nina kadi ya kijani. Kazi za video za serikali kuu naziona kwenye USAJOBS. Niombe? — Askari, Tacoma, Washington

Karibu zote zinataka uraia, basi anza na huo ukiwa bado una magwanda. Ombi la uraia, fomu N-400, kwa njia ya utumishi wa jeshi halina ada, na ile N-426 ya kuthibitisha utumishi wako inasainiwa na watu wa kikosi chako mwenyewe, unaowajua hadi wanapokunywa kahawa. Ujue tu kwamba uraia wa namna hii unaweza kutenguliwa ukiondolewa jeshini pasipo heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi. Ukishakuwa raia, tafuta kazi za namba 1071 kwa video, 1060 kwa picha, 1035 kwa uhusiano wa umma. Veterani anayestahili huongezewa pointi 5, au 10 akiwa na ulemavu uliotokana na utumishi. Ila serikali hufunga bomba la ajira bila kumuuliza mtu, usisimame mlango mmoja.

Dada, nimepiga harusi tatu za Wakenya wenzangu hapa Dallas. Wa kwanza alilipa nusu. Wa pili alilipa mtoto alipozaliwa. Wa tatu ni binamu. Jeshini sikuwahi kumdai mtu, nifanyeje? — Veterani, Dallas, Texas

Hapo ndipo jeshi lilipotudekeza. Tarehe 1 na tarehe 15 pesa imeingia, lenzi ikivunjika kuna stoo, na hujawahi kutamka bei mbele ya mtu. Sasa andika mkataba, hata ukurasa mmoja. Nusu iwe arubuni kabla ya siku yenyewe, na nusu ya pili ilipwe kabla hujakabidhi video, si baada. Wateja wakubwa nao hulipa siku thelathini au sitini baada ya ankara, kwa hiyo weka akiba ya kukusogeza. Na pesa usizile zote: anayejitegemea hulipa mwenyewe asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya uzeeni, juu ya kodi ya mapato, kwa awamu nne kwa mwaka. Mimi mwaka wa kwanza nilizila zote. Aprili, mwezi wa kufunga hesabu za kodi, nikauza stendi ya kamera.

Binamu msamehe, lakini asijue bei halisi, atakuletea wengine.

Harusi zikikuchosha, wafuate mawakili. Wanahitaji watu wa kurekodi ushahidi unaotolewa ofisini kabla ya kesi, na chama cha waandishi wa mahakama cha Marekani, NCRA, kinatoa cheti chake, CLVS. Kazi inataka vitu ambavyo jeshi lilikupigia kelele uvijue: ufike mapema, utamke saa ya kuanza na ya kusimama, uilinde rekodi ya awali, usikate chochote. Kamera haisogei, muziki hakuna, na mezani pale hakuna hata mmoja aliye binamu yako.