Jibu: Msharika asiyehubiri asaidieje injili redioni?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza kama walei, yaani waumini tusio wachungaji, tuna nafasi kwenye redio au ni kazi ya wachungaji tu. Kule Marekani, kipindi cha Walutheri kilichoanza 1930, mhubiri akiwa Walter A. Maier, kilibebwa na chama cha walei. Chama chenyewe kiliundwa Milwaukee mwaka 1917, kwanza kabisa kulipa deni la sinodi, yaani kanisa lao!

Kwetu Mwanza, anza na memori kadi. Weka mahubiri ya Kisukuma, peleka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu na wana muda wa kusikiliza. Mkichangia matangazo ya injili redioni, fedha hiyo iandikwe peke yake. Sisi tuliichanganya na ya jengo, ikaishia kwenye mabati.