Kunguru, nguruwe na mbwa wa usasi: majibu ya barua zenu

Tangu nilipogusia habari ya kunguru kubeba vifaranga, sijapumua. Barua zimekuja kutoka Unguja na Pemba, na takriban zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: huyu mnyama tumuue vipi? Nimechagua nane. Majina nimeyaficha, mahali nimepataja.

*Assalamu alaykum. Nina shamba dogo la muhogo karibu na msitu wa Ngezi. Nguruwe wameingia usiku mara tatu mwezi huu. Vijana wenye mbwa huja siku za mapumziko, wanaua mmoja au wawili, tunashangilia, na baada ya wiki wako pale pale. Tunakosea wapi? — Mkulima, Makangale*

Waalaykumu salaam. Kupiga mnapiga, hesabu ndiyo inayowashinda. Nguruwe jike hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Akishiba huzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne, watano, hata sita kwa mkupuo, na binti yake anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Huko Pemba hana wa kumla, kwani chui alikuwa wa Unguja tu. Inasimuliwa kwamba Wareno ndio waliowaacha nguruwe hao. Kama ni kweli, basi waliwaacha kwenye karamu. Marekani, ambako nguruwe mwitu ni balaa la majimbo mazima, wataalamu wengi hukadiria kuwa lazima watolewe kama saba katika kila kumi, kila mwaka, ili idadi isimame tu. Nyinyi mnatoa wawili.

Halafu mbwa. Niliwahi kufuatana na wasasi wa pande hizo. Mbwa sita, wembamba kama ufito, aliyetangulia ana kengele ya bati shingoni. Walipobweka tukakimbilia kichakani, tukamkuta dume mmoja ameegemeza matako kwenye shina, kawageukia mbwa, povu linamtoka. Akauawa kwa mkuki. Kwenye tope la kandokando ya mikoko nikaona nyayo za wengine: kubwa tatu, na ndogo nyingi zimechanganyikana, zote zinaelekea upande wa pili. Majike na watoto walishaondoka zamani. Tulirudi na ushindi wa mnyama asiyezaa, na wanaozaa wakahamia shamba la jirani. Mkiwafukuza kila wiki hujifunza pia kutoka usiku wa manane tu, wakati wasasi wamelala.

Kinachopunguza nguruwe ni kulikamata kundi zima kwa siku moja. Jengeni zizi la mviringo. Likiwa na pembe, watarundikana hapo na kupandiana hadi watoke. Nguzo za mvinje zichimbiwe chini futi mbili, wavu wa chuma ufike kifuani mwa mtu, na lango liwe la kuanguka. Kisha subirini, na hapa ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Wiki ya kwanza na ya pili lango libaki wazi, ndani mtupe maembe yaliyooza na maganda ya muhogo. Jioni lainisheni mchanga mlangoni, asubuhi mhesabu nyayo. Siku mtakayoona wote wanaingia, wakubwa kwa wadogo, ndiyo siku ya kuangusha lango. Mkifunga wanne ndani na wawili wakabaki nje, hao wawili msitarajie kuwaona tena pale.

Kabla ya yote, nendeni kwa sheha na kwa watu wa misitu, maana Ngezi ni hifadhi. Na tanzi msitege kabisa. Nguruwe mkubwa hulikata akaenda zake. Anayebaki ananing'inia ni paa wa Pemba, na huyo hana kosa na muhogo wenu.

*Kaka, mimi na wenzangu tuna manati na bunduki moja ya upepo. Tukipiga kunguru kumi kila siku si watakwisha mtaani? — Kijana, Jang'ombe*

Hawatakwisha, mwanangu, na risasi inayomkosa kunguru hutafuta dirisha la mtu au jicho la mtoto. Kunguru ana akili kuliko baadhi yetu. Mtaani kwangu kuna fundi baiskeli aliyempiga mmoja kwa manati. Miezi imepita, lakini akitoka tu na kikoi chake wanampigia makelele kutoka mwembeni hadi mlango wa msikiti. Mkewe akipita njia ile ile, kimya.

Huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, Waingereza wakitaka asafishe taka za mji. Taka zikabaki, yeye akaongezeka. Akala mayai na makinda ya ndege wenyeji, akamsukuma pembeni hata kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Miaka ya 1990 kulifanyika kampeni kubwa ya mitego na sumu maalumu, na walioishi Mji Mkongwe wakati ule wanakumbuka asubuhi zilivyotulia. Fedha za kazi zilipokatika, kunguru wakarudi. Kenya nayo ilitangaza Juni 2024 kwamba inataka kuangamiza kunguru milioni moja, kwa hiyo msidhani tatizo ni la Jang'ombe peke yake.

Mkitaka kazi ya mikono, jengeni mtego wa ngazi. Ni kibanda cha mbao na waya wa kuku, kimo cha mtu. Paa lake limebonyea katikati, na kwenye bonde lile imelazwa ngazi. Nafasi kati ya kipandio na kipandio inamtosha kunguru kudondoka akiwa amekunja mbawa. Akitaka kutoka lazima azikunjue, na akizikunjua hapiti. Ndani mwache kunguru mmoja au wawili hai, wenye maji, kivuli na chakula, maana hao ndio wanaowaita wenzao. Matumbo ya samaki yanatosha kuwa chambo. Akiingia mwenye kifua cheupe, mfungulie mlango aende. Na mnapotoa waliokamatwa, toeni giza likishaingia: wa nje wakiona mwenzao anauawa, mtego utakaa mtupu mwezi mzima.

Hata hivyo mtego bila usafi ni kuteka maji kwa pakacha. Kunguru hutaga mayai matatu mpaka matano, na ni makinda mangapi yatakua inategemea chakula. Chakula chenyewe kiko kwenye jaa la mtaa wenu, lile lisilofunikwa. Anzeni hapo, na mviondoe viota wakati wa kutaga.

*Nimeambiwa nichanganye dagaa na dawa ya wadudu niweke juu ya bati, kunguru watakufa wote. Ni kweli? — Mama mfuga kuku, Mwanakwerekwe*

Usithubutu, mama. Mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo: paka wa jirani, kipanga, kuku wako mwenyewe, na Mungu apishe mbali, mtoto atakayeokota dagaa aliyeanguka uani. Ile sumu ya kampeni ilikuwa kitu kingine. Waliitega watu waliofunzwa, wenye kibali, wakakaa kuangalia nani anakula, na mabaki wakayakusanya. Kisiwani Chumbe panya walimalizwa kwa sumu mwaka 1997, lakini kile ni kisiwa kidogo ambacho unaweza kukizunguka chote na kuhakikisha hakuna aliyebaki. Mwanakwerekwe si Chumbe. Vifaranga wafunike kwa tenga, au utandike wavu mkuukuu wa kuvulia juu ya banda mpaka wafike ukubwa wa njiwa.

*Kwa nini serikali isitulipe kwa kila mkia wa nguruwe au kichwa cha kunguru? Vijana hawana kazi, wangewamaliza kwa mwezi. — Msomaji, Chake Chake*

Wazo hili linanipendeza kila ninapolisikia, halafu nakumbuka Hanoi. Mwaka 1902 Wafaransa waliokuwa wakiitawala Vietnam walitangaza malipo kwa kila mkia wa panya. Mikia ikamiminika kwa maelfu. Baadaye wakaonekana panya hai mjini hawana mikia: watu waliikata, wakamwachia panya akazae wengine. Ikagunduliwa pia kwamba kuna waliokuwa wakifuga panya. Niambie wewe, kwa ujanja wa watu wetu, itachukua siku ngapi kabla hatujasikia mtu ana banda la kunguru?

Malipo yanaweza kufanya kazi, ila kwa masharti. Jimbo la Louisiana hulipa dola 6 kwa mkia wa nutria, panya mkubwa wa maji aliyetoka Amerika Kusini na anayekula majani ya kingo za bahari. Lakini anayelipwa ni msasi aliyesajiliwa, anaonesha eneo alilowinda, na mikia inahesabiwa na watu maalumu. Mimi ningependelea kijana alipwe kwa siku ya kazi na kupangiwa eneo. Eneo likibaki na nguruwe wachache, kazi imefanyika. Mikia haina haja ya kuhesabiwa.

*Kwa nini tusilete mnyama mwingine awale kunguru? — Fuoni*

Kunguru mwenyewe aliletwa ale taka. Jamaika walileta nguchiro kutoka India mwaka 1872 wawale panya wa mashamba ya miwa. Wakaishia kula ndege na mijusi pia. Tafadhali.

*Tukiua wanyama tusiowala si dhambi? Na wasasi wanaoshikana na mbwa? — Bububu*

Mie si shehe, na fatwa uiulize kwa wenyewe. Lakini aliyekaa chuoni anaijua hadithi ya Bukhari na Muslim ya viumbe watano wanaouawa hata na aliye katika ihramu, na kunguru yumo, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Mbwa wa usasi ameruhusiwa, na mate yake kwa madhehebu yetu ya Shafi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wasasi niliofuatana nao walikuwa na ndoo ya maji na kopo la mchanga safi chini ya mti, tayari. Kilichonikera ni kingine: mmoja alimwacha mnyama aliyechomwa akigaagaa huku akitafuta simu apige picha. Kuua kwa haja kuna adabu yake.

*Kima punju wanakula nazi changa zangu. Kama nguruwe anauawa, kwa nini huyu analindwa? — Mkulima karibu na Jozani*

Kwa sababu huyu hajaletwa na mtu. Kima punju ni wa Unguja, hapatikani porini kwengine, isipokuwa wale wachache waliopelekwa Ngezi katika miaka ya 1970. Hesabu iliyofanywa katika miaka ya 2010 ilipata zaidi ya 5,800 tu, na anayemuua anakiona cha moto kwa sheria ya misitu ya 1996.

Najua hilo halikushibishi. Basi sikia hili. Watafiti walihesabu nazi kwenye minazi inayoliwa na kima punju na isiyoliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1999: pale walipokula zaidi nazi changa, mavuno hayakupungua, yalikuwa makubwa zaidi. Anayeng'oa nazi changa huzipunguzia msongamano zinazobaki, kama unavyopunguza mapapai. Simaanishi hasara yako ya mboga na matunda si ya kweli. Hiyo ni kweli, na mapato ya watalii wa Jozani lazima yafike kwako, si kwa bango la barabarani tu. Piga kelele juu ya hilo, nitakusaidia.

*Babu yangu alikuwa msasi wa chui baada ya Mapinduzi. Chui nao walikuwa wageni kama nguruwe? — Mwanafunzi, Makunduchi*

Hapana. Chui wa Unguja alikuwa mwenyeji kuliko sisi, mdogo wa umbo na mwenye madoa ya karibu karibu. Ila watu waliamini wachawi wanamfuga na kumtuma kwa jirani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi alizunguka vijijini na wasasi, akiwafichua wachawi na kuwaua chui. Waliobaki waliendelea kusakwa kwa miaka. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ilinasa mnyama anayefanana naye. Hiyo haijatosha kuthibitisha kwamba bado yupo.

Linaloniuma ni kwamba usasi ule ulifanywa kwa bidii ambayo hatujawahi kuionesha kwa kunguru. Pemba nusura yawafike popo wao: mwaka 1989 walionekana wachache mno kwa ajili ya bunduki na kitoweo. Vijiji vikakubaliana kuacha kuwawinda, na kufikia 2007 walikuwa zaidi ya 20,000. Nenda Kidike jioni utawaona. Kwa chui hakukuwa na kikao kama hicho.

Babu usimlaumu, alitumwa. Kama bado yu hai, kaa naye barazani umwulize msitu gani, mwaka gani, jike au dume, alitumia mbwa, mtego au gobore. Andika kama anavyosema, hata akijichanganya, na umsomee alichosema kabla hujaondoka.