Udi wa chupa na udi wa chetezo

Umeuliza iwapo manukato ya kisasa yauzwayo kwa jina la udi yana udi wa kweli ndani yake. Mengi hayana, au yana kiasi kidogo mno, kwa sababu udi ni utomvu unaojikusanya ndani ya miti ya Aquilaria ya Asia pale tu inapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, na miti hiyo imekuwa adimu kiasi kwamba biashara yake imewekewa masharti ya kimataifa. Kwa hiyo watengenezaji huunda maabarani harufu inayoshabihiana na ya udi, huiunganisha na waridi na zafarani kama walivyozoea Waarabu, kisha huiyeyusha katika spiriti ili ipulizwe. Huko Ulaya, M7, manukato ya mwaka 2002 ya nyumba ya mitindo ya Kifaransa Yves Saint Laurent, yalikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuitangaza harufu hii. Manukato haya ya kisasa siyadharau hata kidogo, kwani yaliyotungwa vizuri hupendeza sana. Hata hivyo, nakushauri ufuate desturi ya watu wa Ghuba, ambayo hata Zanzibar tunaijua: fukiza kwanza nguo kwa udi wa chetezo, ndipo upulize manukato juu yake.