Fuata jalada moja kabla hujapanga meza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti mmoja aliyeajiriwa karibuni kama afisa utawala: "Dada, shikamoo. Wazabuni wananipigia simu kutwa kuulizia malipo yao. Bosi anasema tufanye Kaizen. Nimeshapanga makabati na kubandika vibao, lakini malipo bado yanakaa mwezi mzima. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa ufupi nikiwa kwenye daladala, halafu nikaona lile jibu halitoshi, maana wengi mnaonisoma mnataka hicho hicho: ofisi inayokwenda, na mchango wenu katika kuifanya iende uonekane.

Nianze na hayo makabati. Kaizen ni neno la Kijapani, maana yake kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, na kupanga vitu mahali pake ni sehemu yake iitwayo 5S, yaani hatua tano zinazoanza na S. Sisi wa Mbeya 5S tuliijulia hospitalini. Hospitali ya Rufaa ilianza nayo mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la Japani, kisha ikasambaa hospitali nyingine nchini. Ukienda kumwona mgonjwa unayakuta maneno yenyewe ukutani: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kwenye stoo ya dawa yana uzito mkubwa, kwa sababu nesi anayetafuta dripu usiku hana nafasi ya kufungua makatoni manne. Kwetu sisi wa makaratasi, meza inaweza kung'aa huku mzigo wake umehamia kwenye droo. Mzabuni anayedai haoni tofauti yoyote.

Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi ilichelewesha malipo mpaka baadhi ya wazabuni wakaanza kudai fedha mkononi kabla ya kushusha mzigo. Kila kikao lawama zilikwenda uhasibu. Uhasibu wakasema ni ugavi, ugavi wakasema ni masijala. Nilichoka kusikiliza. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa idara, nikachagua ankara moja ya karatasi na wino wa printa ikiwa bado mapokezini, nikaifuata meza kwa meza. Mbele ya jalada nilibandika karatasi yenye safu tatu: limefika saa ngapi, limeanza kushughulikiwa saa ngapi, limetoka saa ngapi.

Ankara ikapigwa mhuri mapokezini na kuandikwa kwenye daftari. Ikaenda masijala, ikaandikwa kwenye daftari jingine, ikapewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Jalada likaandikwa kwenye kitabu cha dispachi, mara ya tatu sasa kwa taarifa zile zile, likapanda ghorofani kwa mkuu wa utawala, naye akaandika: "Ugavi, tafadhali shughulikia." Ugavi wakaambatisha oda na hati ya kupokelea mzigo. Likarudi kwa mkuu wa utawala aone kwamba ugavi wameshughulikia. Likaenda uhasibu, hati ya malipo ikaandaliwa, mkaguzi wa ndani akalirudisha kwa sababu risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haikuwemo. Likashuka ngazi zote zile. Mzabuni akapigiwa simu, akaleta risiti, jalada likaanza kupanda upya. Lilipofika kwa mkurugenzi likalala kusubiri Ijumaa, siku ya kusaini.

Nilijumlisha muda ambao kuna mtu alikuwa ameshika kalamu akilifanyia kazi jalada lile. Haukufika saa mbili. Wiki zote zilizobaki lilikuwa kwenye trei ya mtu, na hakuna mvivu hata mmoja niliyemkuta njiani. Wote walikuwa na kazi hadi shingoni.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyejenga sehemu kubwa ya mbinu hizi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alitaja aina 7 za upotevu kiwandani: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha, kuchakata kupita kiasi, kulimbikiza, nyendo zisizo za lazima na kasoro. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, akamsimamisha mhandisi ndani yake aitazame kazi mpaka aone tatizo liko wapi. Kiwandani limbikizo linajaza sakafu, kila mtu analiruka. Ofisini kazi ya wiki tatu inaenea kwenye trei moja, au kwenye barua pepe ambazo hazijafunguliwa. Usipotembea na jalada hutaiona.

Kuna hesabu nyingine ninayoitumia mpaka leo, ambayo profesa wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961. Gawanya idadi ya kazi zilizomo kwenye foleni kwa idadi inayotoka kila siku. Trei ikiwa na majalada 60 na ofisi ikitoa 6 kwa siku, jalada linaloingia leo, kwa wastani, litatoka baada ya siku 10 za kazi. Ukiligongea mhuri mwekundu wa "Haraka" likapita mbele, umewasukuma wengine nyuma. Foleni iko pale pale.

Tulibadilisha mambo machache. Kwenye dirisha la mapokezi tulibandika orodha ya viambatisho: oda, hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mtunza stoo, ankara, risiti. Mhudumu anakagua mzabuni akiwa bado amesimama pale, na kikipungua kitu ankara haipokelewi. Hilo peke yake lilimaliza sehemu kubwa ya kurudishiana majalada. Madaftari matatu yakawa moja. Ile safari ya kurudi kwa mkuu wa utawala ikafutwa. Mkaguzi wa ndani sikumgusa, na wewe usimguse: anayeandaa malipo hawezi kuwa huyo huyo anayeyaidhinisha, hata kama njia ingekuwa fupi zaidi.

Kazi ngumu ilikuwa ile Ijumaa. Mkurugenzi aliona tunampangia ratiba. Nikamwekea mezani ile karatasi ya safu tatu, akaisoma mwenyewe, akanyamaza kidogo, kisha akakubali kusaini kila siku saa tatu asubuhi. Baada ya hapo malipo yalianza kutoka ndani ya wiki.

Nasimulia haya na bado yananiuma. Mwanzoni niliitwa kimbelembele, mwenye kujipendekeza kwa wakubwa. Mama mmoja wa masijala aliacha kuitikia salamu yangu kwa sababu aliambiwa natafuta nafasi yake. Na ulipofika mkutano wa mwisho wa mwaka, mafanikio yale yaliwasilishwa kwa slaidi nzuri, karatasi yangu ikiwa imo, mwandiko wangu kabisa, na aliyepongezwa ni mtu mwingine. Nilipiga makofi kama wenzangu.

Lakini mdogo wangu, usiifanye kazi hii kwa ajili ya makofi. Mama lishe aliyetupikia chakula cha semina alikuwa akikopa mchele sokoni huku akisubiri hundi yetu. Kila siku jalada lake linapolala, sisi wenye mishahara tunakuwa tumemkopa yeye asiye nao, tena bila kumwuliza. Likumbuke hilo unapopanda ngazi na karatasi yako watu wakikonyezana. Vijana tunataka vyeo, na hakuna ubaya, ila cheo kisiwe sababu ya mama yule kungoja.

Kwa hiyo Jumatatu chagua ankara moja, uifuate mwenyewe. Kabla hujaenda kwa bosi, kaa na watu wa masijala na mapokezi, waambie unafuatilia jalada na hakuna anayechunguzwa. Bosi akitaka kununua mfumo wa kompyuta kwanza, mwombe asubiri mpaka ile njia ya sasa ifupishwe, maana mfumo utazibeba hatua zote zile na foleni itahamia kwenye skrini. Majalada yakishapungua, hesabu trei tena kila mwezi, na hakikisha kila mwenye saini ana mtu wa kumkaimu kwa maandishi. Sisi likizo ya mhasibu mmoja ilitosha kuturudishia foleni ya mwezi mzima.