Mzee kampa kitindamimba nyumba, mchezo wetu umekwama

SWALI: Habari kaka, sisi ni vijana wa hapa Bagamoyo tunafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Mzee mmoja wa Dunda anaumwa kansa, wanaojua ni watoto wake watatu tu, wawili wa kiume na binti mmoja, yeye na mkewe wamefichwa. Mwishoni mzee anamuusia kitindamimba wa kiume nyumba. Juzi babu mmoja alikuja kutuangalia, akasimama akasema hapo mmekosea dini haiko hivyo. Tufute?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Babu kasema kweli jamani. Kwa sheria ya Kiislamu wasia mwisho wake thuluthi ya mali na mrithi hausiwi mpaka wenzake waridhie. Mzee akifa, yakishatoka ya mazishi na madeni, mama anachukua thumni, yani moja ya nane, kinachobaki mafungu matano, wavulana mawili mawili na binti moja. Na hapo Bagamoyo watu wanaangalia maigizo toka chuo cha sanaa kianze 1981, wakiona kosa kama hilo hawawaachi.

Ila msifute, badilisheni kitu kimoja tu, asiusie, ampe kabisa. Hiba, yani zawadi anayotoa mtu akiwa hai, akiwa mzima wa afya na akishakabidhi imepita, lakini akiitoa ndani ya maradhi ya mauti inahesabiwa kama wasia, kwa hiyo inavunjika wenzake wakikataa. Sasa ndo mchezo wenu uko hapo! Kitindamimba atang'ang'ania baba alikuwa na homa za kawaida tu, na kaka na dada ili waivunje hiyo hiba inabidi watoe vyeti vya hospitali mbele ya mama yao, yani wakiri kwamba walijua mumewe anakufa na wakanyamaza miezi yote ile anamchemshia uji akidhani atapona. Hakuna anayetoka msafi hapo, na ndivyo zilivyo familia zetu nyingi, nimeona nyumba zikigawanyika hivi hivi na bado inaniuma.

Mzee naye msimlaze kitandani akohoe tu, mpeni maneno, aseme kwa nini anampenda huyu wa mwisho, binti aliyemuuguza asikie yuko mlangoni na beseni.

Mama msimpe hotuba. Ashike vile vyeti, aulize "mlijua toka lini?", na yeyote asimjibu haraka.

Mkishapanga siku ya onyesho tuandikieni, nakuja.