Pikipiki ya zamani umeshainunua: usiipande kabla ya kukagua haya

Mtu akinunua pikipiki ya zamani, kitu cha kwanza kutazama ni kilomita. Namba hiyo haisemi mengi. Mita hubadilishwa, waya wake hukatika ukaachwa hivyo hivyo, na hata ikiwa ya kweli, pikipiki iliyokuwa ikitembea kila siku mara nyingi ina hali nzuri kuliko iliyofunikwa turubai miaka sita. Chuma chenye oili kinavumilia kukaa. Mpira na vimiminika havivumilii, kwa hiyo vitu hivyo viwili ndivyo vya kushughulikia kwanza. Na neno la muuzaji, "imefanyiwa servisi juzi tu", lipokee kama salamu.

Matairi hayachukui muda. Ubavuni tafuta herufi DOT. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, hakuna la kujadili. Lililopita miaka 10 litoe hata kama kashata (meno ya tairi) bado ndefu, kwa sababu mpira umekauka na hautashika kwenye lami yenye maji. Lililopita miaka 6 likague kwa tochi, hasa nyufa za ubavuni karibu na rimu na ndani ya mifereji. Kama rimu ni ya spoki, gonga kila spoki kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu.

Breki ndiyo kazi yenyewe. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Maji hayo hushusha kiwango cha kuchemka. Kwenye mteremko mrefu mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani bila pikipiki kupunguza mwendo. Mafuta mapya yana rangi hafifu ya asali. Yakiwa ya kahawia au meusi, badilisha, na kama huna uhakika yana umri gani, badilisha vilevile. Muda wa kawaida ni kila miaka 2. Soma kifuniko cha masta silinda (kikombe cha mafuta ya breki kwenye usukani) kwanza: DOT 5 ni silikoni na haichanganywi na hizo nyingine.

Chupa ya mililita 250 inatosha kusafisha mfumo wa mbele. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo ya kutolea upepo (skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa, yaani kibanio cha diski), ncha ya pili iingie kwenye mafuta safi kidogo ndani ya chupa. Bana mkono wa breki, fungua nipo robo mzunguko, mkono ukifika mwisho funga nipo, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, umevuta hewa na unaanza upya. Usiruhusu kikombe cha juu kikauke. Tone likidondokea rangi ya tangi, mwagia maji hapo hapo, maana linakula rangi.

Sasa zungusha gurudumu, bana breki, achia, zungusha tena. Likiwa zito, fungua nipo kidogo. Gurudumu likilegea mara moja, shinikizo lilikuwa limenaswa: ama mpira wa breki (bomba linalopitisha mafuta) umevimba kwa ndani, ama kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye masta silinda kimeziba. Lisipolegea, pistoni za kalipa zimeshika kutu au pini zake za kutelezea zimekauka. Jaribio hili ni la dakika mbili na linakuepusha kununua kifaa kisichohusika. Mpira wa breki usiojulikana umri, badilisha. Vitabu vingi vya watengenezaji wa Japani vinataka hivyo kila miaka 4.

Breki za ngoma watu huzipuuza kwa sababu hazina mafuta. Zifungue. Kwenye breki shuu za zamani kitambaa kimegandishwa kwa gundi, na pikipiki iliyokaa kwenye unyevu inaweza kukibandua. Kikichomoka ukiwa kwenye mwendo kinakwama ndani na gurudumu linajifunga. Vumbi la humo usilipulize, kwa kuwa shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukitupe.

Upande wa petroli, dalili moja inajitokeza kuliko zote: injini inawaka ukivuta choki, ukirudisha choki inazima. Petroli iliyokaa imeacha utomvu ndani ya kabureta na umeziba jeti ndogo ya kupitishia petroli, ambayo tundu lake ni jembamba mno. Kuchezea skrubu ya hewa hakusaidii. Shusha bakuli, toa jeti, puliza kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu. Uzi mmoja wa waya wa shaba unatosha. Hapo hapo utagundua kwamba bisibisi ya nyota ya kawaida inaharibu vichwa vya skrubu za pikipiki za Japani. Tafuta iliyoandikwa JIS, inakaa sawasawa.

Kabla ya kupiga stata, chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinukia petroli na oili imezidi alama, sindano ya floti (inayofunga petroli kabureta ikijaa) inavuja na petroli imeshuka hadi kwenye krenki. Usiwashe. Oili hiyo imekuwa nyepesi na haitalinda beringi. Tengeneza kabureta, mwaga oili, ndipo uendelee. Angalia pia ndani ya tangi kwa tochi: kutu ya humo itaziba kabureta uliyoisafisha jana.

Oili ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza, kisha tena baada ya kilomita 500, kwa sababu oili mpya hulegeza uchafu wa zamani. Chagua yenye alama ya JASO MA au MA2. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili za magari zilizotengenezwa kupunguza msuguano zinaweza kuifanya iteleze. Pima oili pikipiki ikiwa wima, si kwenye stendi ya pembeni. Unga laini wa kijivu kwenye oili iliyotoka ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa si vya kawaida.

Tapeti, yaani uwazi mdogo wa kwenye valvu, zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Injini nyingi ndogo za kupozwa na hewa huhitaji kati ya milimita 0.05 na 0.10, kitabu cha modeli yako ndicho cha kufuata. Zinazolia kidogo zisikuogopeshe. Za kuogopa ni zilizokaza na kunyamaza, maana valvu haikai vizuri kwenye kiti chake na inaungua.

Mnyororo upime sehemu nne au tano huku ukizungusha gurudumu, kwa kuwa haulegei sawasawa. Pikipiki nyingi za barabarani zinataka milimita 20 hadi 30 za kulegea, ukipima pale ulipokaza zaidi. Ukikaza kupita kiasi unaua beringi za gia. Uvute kutoka nyuma ya sproketi (gurudumu la meno) ya nyuma: ukiona nusu ya jino, nunua mnyororo na sproketi zote mbili kwa pamoja. Klipu ya kiungo, upande uliofungwa ndio utangulie mnyororo unakoelekea.

Betri ya volti 12 iliyopumzika isome takriban 12.6, injini ikizunguka kasi, 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha umeme wa kuchaji) imekufa na itachemsha betri. Soketi ya waya za regyuleta ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia, joto limeshaanza kuila.

Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole. Ukihisi unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimelika. Kisha, gia ikiwa fri na injini ikinguruma taratibu, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa eksileta umepitishwa vibaya na utakuvutia mafuta kwenye kona.

Safari ya kwanza isizidi kilomita 5, breki zitumiwe kidogo. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila ngoma au diski bila kuigusa. Upande wenye joto kali breki yake bado inakwama, na unarudi kwenye nipo. Halafu kaza tena nati za ekseli, za injini na za silensa, na hakikisha pini ya ekseli ya nyuma ipo na imekunjwa.