Saa za foleni hazionekani kwenye kilomita

Wadogo zangu mnaotoka utingo na kushika usukani mwaka huu, kuna jambo nataka mlijue kabla hamjapanga foleni yenu ya kwanza Tunduma, mpakani na Zambia. Injini ya dizeli inachakaa hata lori likiwa limesimama, na hakuna geji itakayokwambia.

Mimi nilikuja kulijua kwa kijiti cha kupimia oili. Tulikaa foleni siku nne, mwezi wa saba, na baridi ya kule usiku si ya kawaida. Nilikuwa nalala injini ikiunguruma ili kebini ipate joto. Siku ya tano asubuhi nikachomoa kijiti, nikakuta oili imepanda juu ya alama. Nikafurahi, nikamwambia utingo wangu injini hii haili oili kabisa. Fundi mmoja mzee aliyekuwa anaziba pancha ya gari la jirani akakichukua kile kijiti, akanusa, akasugua tone kati ya vidole viwili. Lilikuwa jepesi, linanuka dizeli. Akasema, "Oili haizaliani, mwanangu. Hayo ni mafuta yameshuka chini."

Dizeli haina plagi ya kuiwasha. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Injini ikikaa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa, mizunguko kama 600 kwa dakika, bila mzigo, silinda hazipati joto la kutosha, na usiku wa baridi ndiyo kabisa. Mafuta mengine hayaungui. Yanateleza kwenye laina, ukuta wa ndani wa silinda, yanaosha ule utando wa oili unaolinda ringi za pistoni, kisha yanaingia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Yanayoungua nusunusu yanakuwa masizi: yanaganda kwenye nozeli zinazopulizia dizeli, kwenye valvu, na kwenye ringi mpaka zinakwama. Halafu geti la mpaka linafunguliwa, unapanda mlima wa kwanza na tela limejaa, huku beringi za krenki zinategemea oili iliyochujuka. Zikisagika, watu wanasema mlima umeua injini.

Tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, nayo inaumia. Ikizunguka polepole haina presha ya kuzuia oili isipenye kwenye sili zake. Ukiona ekzosi imelowa weusi unaonata, anza kujiuliza gari limeunguruma saa ngapi. Malori mapya yenye filta ya masizi yanaziba haraka zaidi, kwa sababu moshi wa sailensi haufikii joto la kuisafisha.

Na mafuta yenyewe? Lori kubwa linakunywa kama lita 3 kwa saa likiwa limesimama. Usiku wa saa nane ni lita 24. Siku nne, karibu lita 100. Tajiri mwenye lori anaona kilomita na anaona mafuta, haoni usiku wako. Kuna madereva waaminifu walioitwa wezi kwa hesabu hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Najua kwa nini wengi hawazimi. Betri imechoka, wanaogopa gari halitawaka foleni ikisogea. Au upepo wa breki unavuja, wakizima geji inashuka na breki zinashika. Basi dai betri na ziba uvujaji kabla ya safari. Ukikaa kimya, injini ndiyo italipa. Kwa baridi, beba blanketi zito.

Kuna wakati wa kuiacha iungurume, na hapo msikosee. Ukifika juu ya mlima wa Kitonga na unataka kusimama palepale, ipe dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzima, maana tabo inawaka moto na ukikata oili ghafla itaungulia ndani. Asubuhi subiri presha ya oili na upepo vipande, kisha ondoka taratibu. Injini inapata joto vizuri zaidi ikitembea. Kupiga resi umesimama hakusafishi chochote.

Andika saa za foleni kwenye daftari. Baada ya kukaa siku kadhaa injini ikiwaka, usingoje kilomita za kumwaga oili zitimie. Yule fundi mzee hakuniruhusu niondoke. Nikanunua oili na filta kwa posho yangu, akalala chini ya gari akafungua nati ya sampo. Ilitoka nyeusi, ikamiminika ndani ya dumu kama chai.